Gauni la Kijani Lahudhuria Kikao

Alhamisi hiyo, saa sita na nusu mchana, mwanamke wa mashine ya tatu katika kiwanda cha kufulia mashuka alimaliza kipande chake cha mkate, akakung'uta chembe kwenye aproni, akaenda kumwomba msimamizi ruhusa. Alikuwa amejiandaa. Asubuhi alikuja na gauni lake la kijani ndani ya mfuko wa plastiki, lile lenye mikono mirefu na vifungo vyeupe, ambalo hulivaa harusini, kwa daktari na mahali pengine popote ambapo mtu anaweza kuulizwa jina lake kamili. Alilitundika kwenye hanga nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na tangu saa kumi na mbili alfajiri, kila alipopita kwenda kunywa maji, alilitupia jicho kama mtu aliyeacha mtoto amelala.

Barua ya shule alikuwa nayo mkononi. Ilisema kikao cha wazazi kitaanza saa nane kamili, na kwamba mzazi atakayekosa vikao vitatu mfululizo, mtoto wake atarudishwa nyumbani mpaka mzazi huyo aonekane. Yeye alikuwa amekosa viwili.

Msimamizi alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu ya risasi sikioni. Aliisoma barua yote, pande zote mbili, ingawa upande wa pili haukuwa na kitu.

"Dada yangu, mashuka ya hospitali yanatoka saa tisa. Ukiondoka wewe, mashine ya tatu aisimamie nani?"

"Saa moja tu, bosi. Nikionekana, nikasaini, narudi."

"Mwezi uliopita pia ulisema saa moja."

"Na mwezi uliopita hukunipa."

"Basi, naona tunaelewana." Akamrudishia barua, ameikunja vizuri kuliko alivyoipokea. "Kwenda, nenda. Lakini kesho usihangaike kuamka mapema."

Mwanamke alikuwa amebakiwa na dakika kumi na mbili za mapumziko. Akalichukua gauni, akalitandika juu ya meza, akawasha pasi ya mvuke. Halikuwa na mkunjo hata mmoja, lakini alilipiga pasi. Alianza na upindo, akapanda kiunoni, akapita katikati ya vifungo kimoja baada ya kingine kwa ncha ya pasi, akanyoosha mikono, wa kulia kwanza. Alipofika kwenye kola alisema maneno machache, kwa sauti ya kumwagiza mtoto dukani.

"Ukae mbele. Akuone."

Akalitundika, akarudi mashine ya tatu.

Saa saba na dakika ishirini na tano, mlinzi wa getini aliandika kwenye daftari lake kwamba gauni moja la kijani limetoka. Kabla ya kuliruhusu alilipekua kama anavyowapekua wafanyakazi wote, lisije likapitisha shuka la watu. Aliliambia linyooshe mikono, likanyoosha. Halikuwa limeficha kitu. Akalifungulia.

Shuleni, vikao vilifanyika katika chumba cha darasa la nne kwa sababu ndicho kilichokuwa na viti vingi. Ndicho pia kilichokuwa na paa bovu kuliko yote. Ndoo tisa zilikaa sakafuni mwaka mzima, kila moja chini ya tundu lake, na watoto wa darasa la nne walijua kuzikwepa hata wakiwa wamefumba macho. Mwalimu Mkuu alikuwa na daftari la mawazo ya kuchangisha fedha za paa jipya. Lilikuwa na mawazo arobaini na matatu: matembezi ya hisani, kuosha magari, soko la vitu vilivyotumika, mashindano ya kukisia uzito wa keki, tamasha la wazazi kuimba wakiwa wamevaa sare za watoto wao. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Wanafunzi walimwita Wazo Jipya, naye alijua, wala hakuchukia. Lakini katika miaka sita hakuna wazo hata moja lililotoka nje ya daftari, maana katiba ya kamati ilitaka wazazi kumi na wawili wawepo ndipo kitu kipitishwe, na siku zote walikuja kumi na mmoja.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa fundi viatu aliyeitwa Gundi. Kibanda chake kilitazamana na geti la shule, na hakuwahi kukosa.

"Mimi bosi wangu mkali," alizoea kusema, "lakini nikimwomba ruhusa, ananisikiliza. Tunatumia kofia moja."

Alikuja kikaoni na kiatu cha kushona, kwa sababu alisema masikio na mikono havigombanii kazi.

Siku hiyo tena walikuwa kumi na mmoja. Nje, barazani, walisimama watoto watano waliokuwa na mabegi mgongoni tayari, ili wakitajwa wasipoteze muda. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa msichana wa darasa la nne, binti wa mwanamke wa mashine ya tatu. Walimwita Kifutio, kwa sababu alifuta kila alichoandika akaandika upya, mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa akilitazama geti. Mikanda ya begi alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.

Gauni lilifika saa nane na dakika nne. Lilivuka barabara baada ya kutazama pande zote mbili, likapita getini, likapanda ngazi, na lilipomfikia Kifutio likasimama kidogo, likamwekea kola sawa. Kisha likabisha hodi mlangoni kwa kifungo cha mkono.

"Karibu," alisema Mwalimu Mkuu bila kuinua uso.

Likaingia, likakaa kiti cha mbele. Lilikaa vizuri, mgongo umenyooka, upindo umefunika mahali ambapo magoti yangekuwa. Karatasi ya mahudhurio ilipolifikia, mkono wa kulia ukaichukua kalamu ukasaini.

Mwalimu Mkuu aliitazama sahihi, akalitazama gauni. "Mwenyekiti, hili linahesabika?"

Gundi alikata uzi kwa meno. "Sahihi ni ya mama Kifutio. Naijua, aliwahi kunisainia viatu."

"Sahihi sina shida nayo. Nauliza kama ni mzazi."

"Mwalimu, mwaka juzi baba mmoja alikaa hapo hapo, akalala kikao kizima, akakoroma mpaka tukahamisha ndoo ili tusikie. Ukamhesabu. Gauni hili liko macho."

"Katiba inasema mzazi awepo."

"Na hapo kuna nini? Kiti kitupu?"

Mwalimu Mkuu alifikiri. Kisha akahesabu kwa kidole, polepole, na kidole kilipofika kwenye gauni hakikuruka. Kumi na wawili. Alikaa akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Halafu akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba idadi imetimia, na kwa kuwa kumbukumbu zilisomwa zikathibitishwa siku hiyo hiyo, tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba gauni si mzazi. Kosa hilo, kama lilikuwa kosa, lilipigwa muhuri.

Barazani, Kifutio alivua begi.

Matembezi ya hisani yalipitishwa. Mwenyekiti alipouliza nani ataongoza maandalizi, wazazi kumi na mmoja walianza kukagua kucha zao. Mkono wa gauni ukainuka.

Saa kumi kamili mlinzi wa kiwanda aliandika kwamba gauni limerudi. Mwanamke alilikuta kwenye hanga lake, lina alama ya chaki begani na tone la wino kwenye mkono wa kulia. Akaliinamia akalinusa. Lilinukia chaki, na chini ya chaki, mafuta ya nywele za binti yake. Alisimama hapo hivyo mpaka mashine ya tatu ikalia kumwita.

Habari zilisambazwa na Gundi, kwa kuwa kila mtu ana viatu. Aliyekuja kuchukua kiatu alipewa kiatu na maelezo. Kikao kilichofuata yalikuja mavazi kumi na saba, kilichofuata thelathini na mawili. Lilikuja ovaroli la fundi makanika, ambalo liliwekewa gazeti lisichafue kiti. Ilikuja sare ya muuguzi, siku zote ikichelewa na kuondoka mapema. Ilikuja aproni ya mpishi wa mgahawa ikiwa imekumbatia sweta la mtoto mchanga, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Suruali moja ilikuja bila shati. Mwalimu Mkuu aliiomba kwa heshima zote irudi nyumbani ikajikamilishe.

Watoto walizoea mara moja. Waliokuwa wakisimama barazani na mabegi hawakusimama tena. Mtoto akiulizwa mzazi wake yuko wapi, alionyesha tu: yule pale, wa mistari.

Mawazo yalianza kutoka kwenye daftari. Jumamosi moja mavazi arobaini yalitembea kutoka shuleni hadi uwanja wa mpira na kurudi, mistari miwili, bila mtu ndani, gauni la kijani likiwa mbele na bendera. Madereva waliyasimamishia magari kwenye kivuko. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kwenye benchi aliinua kofia kwa sare ya muuguzi. Watu walichangia vizuri, kwa sababu ni vigumu kuliambia shati tupu kwamba huna kitu mfukoni. Mavazi yaliosha magari. Yaliuza vitabu vya zamani. Kwenye mashindano ya kukisia uzito wa keki lilishinda koti moja la kijivu, likaikabidhi keki shuleni maana halikuwa na la kuifanyia.

Tamasha la kuimba halikufanyika. Mwalimu Mkuu aliliweka akiba.

Mabadiliko madogo yalitokea ambayo hakuna aliyeyasemea. Wale wazazi kumi na mmoja waliozoea kuja wenyewe walibaki saba, kisha wanne. Mwingine alisema mvua, mwingine alisema mgongo, na mavazi yao yakaja kwa niaba. Kisha Mwalimu Mkuu akagundua kwamba vikao vilikuwa vifupi siku hizi. Mavazi yalisaini, yaliinua mikono, yalifagia yakiombwa. Hayakuuliza maswali. Ile sheria ya kurudisha watoto nyumbani haikufutwa, kwa sababu haikuwa na wa kumwumiza tena. Na kwenye barua za shule ikaongezwa mistari miwili: mzazi ahakikishe vazi lake linakuja likiwa safi, limepigwa pasi.

Kwa hiyo mwanamke wa mashine ya tatu, akitoka kupiga pasi mashuka ya watu siku sita, siku ya saba alifua gauni lililotoka kuosha magari, akalipiga pasi kwa ajili ya Alhamisi.

Paa lilipauliwa mwezi wa tisa, mabati mapya, misumari yenye kofia. Ndoo zilipelekwa bustanini. Mwalimu Mkuu aliamua paa lifunguliwe kwa sherehe, watoto wasome insha mbele ya wazazi, na insha iliyochaguliwa ya kwanza ilikuwa ya Kifutio. Ilikuwa na matundu matatu kwenye karatasi, lakini ilisomeka.

Siku mbili kabla, mama na binti walikuwa wakichambua mchele mezani.

"Uje wewe," Kifutio alisema.

"Si gauni linakuja kila siku? Wewe mwenyewe ulisema linakaa mbele."

"Linakaa. Lakini siku hiyo uje ukiwa ndani yake."

Mama alitoa jiwe kwenye mchele, akalitazama kwenye mwanga, akaliweka pembeni. "Nitaomba," alisema.

Siku yenyewe akaomba. Safari hii hakupeleka barua ya shule peke yake, alipeleka na karatasi ya mahudhurio aliyopewa na Gundi, akidhani mfanyakazi mwenye rekodi nzuri huhurumiwa. Msimamizi aliisoma pande zote mbili.

"Hujakosa hata kikao kimoja tangu mwezi wa tatu," alisema. "Wewe ni mzazi wa mfano."

"Lile ni gauni, bosi."

"Sasa shida iko wapi? Litume."

"Mtoto anasoma insha. Nataka nimsikie mwenyewe. Kwa masikio yangu."

Msimamizi alitoa kalamu sikioni, akairudisha. Nyuma yake, kwenye msumari ambapo siku zote hutundika koti lake la kijivu, palikuwa na msumari tu. Yeye mwenyewe alibaki na shati la mikono mifupi, na chumba kile kilikuwa na baridi kidogo.

"Wangu yuko darasa la pili," alisema. "Naye anaimba leo. Meneja aliniambia hivi hivi." Akatazama upande wa mashine. "Niliambiwa koti lilishinda keki."

"Ni kweli. Kubwa tu."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya ndizi, nilisikia."

Akatikisa kichwa, akaonekana kuiweka habari hiyo mahali. "Mashuka ya hospitali yanatoka saa tisa," alisema.

"Najua," alisema mwanamke, akaenda kulipiga pasi gauni. Kwenye kola alikaa muda mrefu zaidi ya kawaida.

Chumba cha darasa la nne kilijaa mpaka mlangoni. Mavazi themanini na sita, Gundi na kiatu chake, na bibi mmoja aliyeingia akidhani ni mnada. Mwanga uliingia madirishani ukaakisiwa na mabati mapya juu, na vitambaa vyote vilionekana vimefuliwa jana yake, na kwa kweli vilikuwa vimefuliwa. Watoto wa darasa la pili waliimba. Koti la kijivu mstari wa nyuma lilisogea upande ili lione vizuri.

Kisha akaitwa Kifutio. Alisimama mbele ya ubao, karatasi ameishika karibu na pua. Kwanza alitazama kiti cha mbele. Gauni lilikuwepo. Alitazama shingoni mwake, juu ya kola, mahali ambapo uso ungekuwa, akaona ubao wa matangazo wa nyuma. Akasubiri kidogo, labda uso umechelewa. Halafu akasoma.

"Mtu ninayemjua vizuri. Mtu ninayemjua vizuri ni mama yangu. Mama yangu anatoka kabla sijaamka na anarudi jua likizama, kwa hiyo namjua zaidi upande wa jioni. Mama yangu ana mkono wa joto na mkono wa kawaida. Mkono wa joto ni wa kulia, kwa sababu pasi iko kulia. Akirudi bado haujapoa. Mimi hukaa upande huo. Siku za baridi mama huniambia nihame nikae kushoto, nikaonje baridi, kisha tunacheka. Mama yangu ana gauni. Gauni linakuja shuleni kila kikao. Ni zuri na lina bidii. Halina mkono wa joto, lakini linajitahidi. Mimi nalipenda gauni. Nikiwa mkubwa nitakuwa na kiwanda, na saa nane kila mtu ataenda. Mwisho."

Mavazi yalipiga makofi. Mkono wa nguo mmoja ukigonga mwenzake hautoi sauti, lakini yalikuwa mengi, na chumba kizima kikavuma kama kamba za nguo siku ya upepo. Gundi aliweka kiatu chini, naye akapiga, na makofi yake yakasikika peke yake, mawili ya mtu mmoja, mpaka akaona aibu akaacha. Mwalimu Mkuu alisema insha ni nzuri ila aya ya mwisho imetoka nje ya mada. Kisha akafungua daftari akatangaza wazo la kumi na tisa, ambalo lilihusu uzio.

Gauni lilimkumbatia Kifutio kwa muda mrefu, likarudi kazini.

Jua lilikuwa linazama mwanamke alipofika nyumbani, gauni likiwa mkononi ndani ya mfuko wake. Alilitundika kwenye msumari juu ya kiti, akakaa, akavua viatu. Kifutio akaja akakaa upande wa kulia.

"Haya," mama alisema. "Nisomee."

"Umeshasikia."

"Limesikia gauni. Limeninong'onezea vipande vipande njiani, halijui kusimulia. Nisomee yote."

Kifutio akaikunjua karatasi. Akasoma kichwa cha insha, akasoma sentensi ya kwanza. Kwenye sentensi ya pili, mkono wa joto uliokuwa begani mwake ukawa mzito. Akageuka. Mama yake alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kidevu juu, kama mtu anayesikiliza kwa makini sana.

Msichana alifikiri aache. Halafu akainua macho kwenye msumari. Gauni lilikuwa limeinama kidogo mbele kutoka kwenye hanga, kola imeelekea kwake.

Akaendelea, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho, na aya iliyotoka nje ya mada pia. Alipomaliza, gauni likanyoosha mikono yake likapiga makofi. Makofi ya gauni moja hayana sauti, kwa hiyo mama hakuamka.